Posa Iliyochelewa Sekunde Ishirini na Tano

Siku dada yangu alipoposwa, mimi ndiye niliyekuwa televisheni. Sisemi nilionekana kwenye televisheni. Hao walikuwa wengine, waliojipaka mafuta usoni mpaka kamera ikawa inaomba miwani ya jua. Mimi nilikuwa ndani ya stoo ya kahawa ya baba, kijijini kwetu Kishanda, nimekaa juu ya gunia mbele ya laptop, naamua nani aonekane na nani asionekane. Kwa msichana wa kidato cha tatu ambaye ripoti yake imeandikwa "apunguze mdomo" mihula mitatu mfululizo, hayo ni madaraka makubwa.

Aliyenipa madaraka hayo ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Alisomea mitandao ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi Bukoba, akapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, akafungua chaneli ya mtandaoni ya kurusha harusi, vipaimara na misa za shukrani. Mbele ya wateja anasema "mubashara". Wakishaondoka anasema "laivu". Mimi nasoma bweni palepale mjini, na kila shule ikifungwa, kabla ya kupanda gari la Muleba, nilikuwa napita kwake siku mbili tatu kujifunza kazi na kula chakula chake.

Anasema zamani kurusha laivu kulitaka gari zima la matangazo na mafundi wanaotembea kama marubani. Siku hizi ni waya wa mtandao, uleule unaochomekwa nyuma ya kompyuta ya ofisini. Kila kamera ina anwani yake kama nyumba. Picha inakatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikiwa anwani, kinakimbia kwenye waya mpaka kwenye kisanduku kinachoitwa swichi, na swichi inagawa kama mpishi wetu wa shule: hii ya huyu, hii ya yule, wewe umeshakula, toka. Laptop inavipokea na kuvipanga upya. Wiki yangu ya kwanza nilizipa kamera mbili anwani moja, makusudi, nione kama zitagombana. Ziligombana. Mama wa kipaimara akawa anatokea na kupotea kama mzimu, na binamu alinifukuza mpaka saa ya chakula cha mchana.

Sasa, posa. Mchumba wa dada kwao ni Maruku, na kwao neno la kuomba binti hutoka kinywani mwa mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba ni babu yake. Babu naye, wiki mbili kabla ya siku, aliteleza kibanjani akikagua migomba ambayo hakuna aliyemwomba aikague, akavunjika mguu. Daktari akaufunga plasta na kumkataza safari.

Mama alitaka tuahirishe. Shangazi, dada yake baba, akasema posa iliyoahirishwa ni kama maziwa yaliyoahirishwa. Na nyumbani kwetu, baba anazungumza, lakini anayeamua ni shangazi. Baba mwenyewe akiulizwa jambo zito hukohoa, kisha humtazama dada yake.

Basi binamu akasema, "Tutaunganisha. Kamera tatu Kishanda, moja Maruku. Mtamwona mzee kwenye TV yenu, yeye atawaona kwake, na ndugu wengine wote wataangalia kwenye chaneli."

Alipanga kwenda Maruku yeye mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini ananiachia mimi upande mkubwa.

"Huko kuna mzee mmoja mwenye fimbo," alisema. "Huku kuna watu hamsini, lakini wameshakuzoea."

Siku yenyewe nilikuwa na furaha ya kijinga tangu asubuhi. Nilitandaza waya wa bluu kutoka sebuleni, juu ya dari ya baraza, mpaka stoo. Nilimkataza bibi wa jirani kuukata afungie mkungu. Sebuleni wakamwaga nyasi mbichi sakafuni, wageni wakaingia: mchumba, mshenga wake na wajomba wawili waliovaa makoti mazito kwenye jua lile, na kikapu chao cha zawadi. TV yetu ikawashwa, na Babu wa Maruku akatokea, amekaa kwenye kiti kikubwa, mguu mweupe mbele yake kama mgeni rasmi. Watu wakapiga makofi. Katika hedifoni yangu, binamu akaniambia kutoka Maruku, "Picha safi. Usiguse kitu." Sisi wawili tulikuwa na njia yetu ya moja kwa moja ya kuongea, hedifoni kwa hedifoni.

Kikapu cha kahawa kikapitishwa. Kwetu mgeni hapewi neno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Shangazi akachukua moja, akaitupa mdomoni, akavua kitambaa chake cha begani, akamgeukia mzee kwenye TV, akamsalimu kwa heshima kwa Kihaya.

"Wasibota, waitu! Ng'ombe huko hawajambo?"

Babu akamtazama. Kimya.

Shangazi akatabasamu kidogo zaidi, kama mtu anayeongeza mwanga wa taa. "Ng'ombe, waitu. Hawajambo?"

Kimya. Babu akapangusa pua. Nilibadilisha kamera mara nne nikitafuta uso usio na aibu, nikaukosa.

Baba akaona ajaribu kuokoa jahazi. "Pole na mguu, Mzee. Unaendeleaje?"

Na hapo Babu akachangamka ghafla, akacheka na kupiga paja lile zima. "Wazuri sana! Mmoja amezaa juzi!"

Sebule ikatazamana. Mimi nilicheka mpaka gunia likasogea. Sikujua bado kwamba ni msiba.

Shangazi hakucheka. Shangazi ni mtu wa kuuliza mambo matatu, na watu wa Kishanda wanayajua hayo matatu kama amri, ila hayafanani kwa kila binti. La ng'ombe lilikuwa la kwanza. Alikaa sawa. Akasema, "Mzee, mtoto wetu ni muuguzi. Akija kwenu, ataendelea na kazi yake au mtamweka kibanjani?"

Babu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa huruma. Sekunde zikapita. Kisha akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekubali mapenzi ya Mungu:

"Miezi miwili hakuna kutoka nje kabisa! Ni kukaa ndani tu na kunywa uji."

Mama alishika kifua. Mmoja wa wale wajomba wenye makoti akasema, "Hapana, hapana, anasema..." na hakujua anasema nini. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya mama na shangazi, kitenge kimefunika kichwa, na niliona kwenye kamera namba mbili kitenge kile kinatetemeka. Nilidhani anacheka. Nikaivuta picha karibu. Alikuwa analia.

Furaha yangu ya kijinga iliisha palepale. Huyu ni dada aliyenifundisha kusoma saa, kupika ndizi, na kudanganya bila kupepesa macho. Amempenda yule kijana miaka mitatu. Na mbele ya watu wote shangazi akawa ameinua kidole kimoja.

"Nimesikia la kwanza, nimesikia la pili," alisema. "Limebaki moja. Nalo likijibiwa hivi, mbebe kikapu chenu mrudi nacho Maruku, bila ugomvi."

Kwenye TV Babu alikuwa ameanza kusema kitu, lakini masikio yote yalikuwa kwa shangazi. Mshenga akajikaza. "Shangazi, ni mtandao huo. Unachelewesha."

"Mtandao," alisema shangazi. "Mwanangu, mkwe akiulizwa akakaa kimya, hesabu kimya hicho. Ndicho atakachokaa siku binti yako anaumwa. Mimi nilihesabu vibaya wakati wangu. Sihesabu vibaya tena."

Sote tunajua alirudi nyumbani kutoka kwenye ndoa yake na sanduku moja, na hakuna anayelitaja.

Nikamwita binamu kwenye hedifoni. "Huko kuna nini? Babu amelewa?"

"Hajanywa hata maji. Nami sielewi. Mimi nawasikia nyinyi palepale."

Nikaitazama picha ya Maruku kwa macho ya mwizi. Nyuma ya Babu kulikuwa na kabati la vyombo lenye vioo, na ndani ya kioo nikaona mng'ao wa TV anayoiangalia. Shangazi alikuwemo mle. Ila shangazi wa kwenye kioo alikuwa bado ameinua kidole. Wa sebuleni alikuwa ameshakishusha, ndiyo kwanza anaokota kitambaa chake. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu... Nilipofika ishirini na tano, wa kwenye kioo naye akaokota kitambaa.

"Binamu. Babu anaangalia nini?"

"TV yake."

"TV yake inaonyesha nini?"

Kimya kirefu, na hiki hakikuwa cha mtandao.

"Chaneli," alisema.

"Chaneli ipi?"

"Yetu."

Mama yangu! Nitaeleza kwa kifupi. Picha inayotoka Kishanda ilikuwa na njia mbili. Moja ni ya haraka, inaenda kwenye laptop ya binamu, na hiyo ndiyo Babu alipaswa kuitazama. Nyingine inapanda kwenye chaneli ya watazamaji, na huko inazungushwa, inakaguliwa, inahifadhiwa kidogo isikwame, halafu ndipo inashushwa kwa watu. Mtu wa kisiwani Bumbire aliye kwenye simu yake pale mwaloni, wanaposhushia samaki, akichelewa sekunde ishirini na tano, hapati hasara. Haongei na mtu. Babu alikuwa anaongea na mtu. Kila swali lilikuwa linamfikia likiwa limeshapoa, na jibu lake lilikuwa linaturudia sisi palepale, juu ya swali jingine. Mara moja, binamu alikiri baadaye, Babu alijiona mwenyewe kwenye chaneli, akajisalimia.

"Kwa nini hukumwekea laptop?"

"Kaisukuma. Kasema haongei na kitabu. Nikataka kuiunganisha laptop na TV yake, waya haupo kwenye mkoba. Nani alipakia mkoba?"

Nilipakia mimi. Waya ule mnene niliutoa ili mfuko wa senene, wale panzi wa kukaanga, wa kumpelekea Babu uenee. Nilidhani nimefanya jambo jema.

"Zima TV," nikasema.

"Nizime TV ya Babu? Njoo uizime wewe. Nimeigusa tu, nimeonyeshwa fimbo."

"Mwambie basi anachelewa!"

"Nimemwambia. Kasema yeye hajawahi kuchelewa popote, hata ubatizo wake aliwahi."

Sebuleni shangazi alikuwa anakunja kitambaa chake. Mtu anayekunja kitambaa anakaribia kusimama. Kumweleza habari za njia mbili kusingesaidia. Mshenga alishajaribu akapewa somo la maisha. Nilihitaji sekunde ishirini na tano za kimya ambazo shangazi mwenyewe angezipenda. Nikaangalia pembeni, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa juu ya gunia la kahawa, akili haikwenda mbali.

Niliacha laptop. Niliiacha kwenye kamera namba tatu, iliyoelekezwa jikoni, kwa hiyo ndugu wote wa chaneli walitazama sufuria ya ndizi kwa muda mrefu kuliko sufuria yoyote katika historia ya Muleba. Nikaingia sebuleni na kikapu kingine cha kahawa, nikapiga magoti mbele ya shangazi kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shangazi, samahani. Babu wa Maruku anaomba radhi."

"Wewe ndiye umekuwa mkalimani?"

"Nimeongea na binamu. Anasema kosa ni letu. Ukoo wao una mwiko. Siku ya kuomba binti, swali halijibiwi mpaka walioliuliza wametafuna kahawa. Kila swali na kahawa yake. Sisi tumemuuliza mfululizo kama polisi, mzee akachanganyikiwa aanze na lipi."

Wajomba wenye makoti walinitazama kwa mshangao wa watu wanaofundishwa mila zao na mtoto wa shule. Mungu awabariki, mmoja akakohoa na kusema, "Ndivyo."

"Tangu lini?" shangazi akauliza.

"Sijui, Shangazi. Ni ukoo wao."

Uongo huo haukuhitaji akili nyingi. Nilijua tu ninaongea na nani. Kwetu mwiko wa ukoo hauulizwi sababu. Shangazi mwenyewe hajawahi kugusa samaki aina ya kamongo maishani mwake, na ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza kwa nini jua linawaka. Akanitazama. Akakitazama kikapu. Dada naye, chini ya kitenge, alinitazama kwa jicho moja jekundu, na nikaona amenijua. Yeye ndiye mwalimu wangu.

"Wangesema mapema," alisema shangazi, na akachukua kahawa. "Gawa."

Nikagawa. Nikakimbilia stoo nusura ning'oe waya, nikairudisha picha ya sebuleni.

"Mzee," shangazi akaiambia TV, "tulikosea. Nalirudia lile la pili. Mtoto wetu ataendelea na uuguzi wake?" Akaitupa buni mdomoni. Sebule nzima ikatafuna. Kama hujawahi kusikia watu hamsini wakitafuna kahawa kavu kwa heshima, ni kama mbuzi kwenye mahindi, ila wenye tai. Nikahesabu. Ishirini na tatu, ishirini na nne...

"Aache kazi kwa nini?" Babu alisema, waziwazi, akishangaa. "Mimi mguu huu nani ataufungua?"

Kicheko kilipasuka hata kwa mama. Shangazi alitikisa kichwa kidogo. Mimi nilirusha mikono juu na kujigonga kwenye rafu.

Lakini kuna kitu sikukihesabu. Babu naye alikuwa anatutazama, kwa kuchelewa kwake, na akaona Kishanda nzima inatafuna kila baada ya swali. Mzee mwenye adabu. Binamu akaniambia kwa sauti ya kufa, "Anaomba kahawa."

"Mnyime!"

"Ameshapewa."

Na shangazi alikuwa ameshauliza la tatu. Aliliuliza taratibu, kwa sauti ya chini. "Siku mtoto wetu akitaka kurudi nyumbani, iwe kusalimia, iwe ameshindwa, ataomba ruhusa kwa nani?"

Tukatafuna. Ishirini na tano zikafika. Kwenye picha, swali likamfikia Babu. Nililiona likimfikia, macho yakabadilika. Akachukua buni, akaiweka mdomoni. Babu ana meno kama manne, na hayakai jirani. Aliizungusha kushoto, aliizungusha kulia. Thelathini. Arobaini. Watu wetu walimaliza zao wakaanza kutafuna mate. Mchumba alikuwa ameinamisha kichwa kama yuko kitubioni. Dada hakutikisika kabisa. Hamsini. Nilikuwa nimeng'ata waya wa hedifoni bila kujua.

Babu akalitoa ganda mdomoni, akalitazama, akaliweka kwenye kisahani.

"Ruhusa hana wa kumwomba," alisema. "Mlango wetu komeo lake liko ndani. Na atakayekuwa ndani ni yeye."

Nikaweka uso wa shangazi, kamera namba moja, karibu. Sikufanya ufundi wowote, nilitaka tu kuuona. Alitafuna zaidi, ingawa nina hakika mdomoni hamkuwa na kitu. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha dada, juu ya kitenge, akamwambia baba, "Wape mtoto wao."

Vigelegele vilivyofuata vilipandisha mshale wa sauti kwenye nyekundu ukakaa hukohuko. Kuku walitoka jikoni kwa mlango wasioutumia. Nilikuwa naruka juu ya magunia peke yangu, napiga kelele, mpaka jicho langu likaangukia picha ya Maruku.

Babu alikuwa amekaa kimya. Kwake shangazi alikuwa bado anatafuna. Alikuwa amekishika kisahani kwa mikono miwili, anamwangalia yule mwanamke kwenye TV, na midomo yake inasogea kama anayesali au anayelirudia jibu lake kuona alikosea wapi. Nyuma yangu nyumba inatikisika kwa furaha, mbele yangu mzee hajui.

"Binamu! Mvishe Babu hedifoni!"

"Nini?"

"Mvishe!"

Niliona mikono ya binamu ikiingia kwenye picha, ikivuruga kofia ya mzee. Kisha sauti nzito ikaja moja kwa moja sikioni mwangu, bila kupitia popote.

"Nani?"

"Babu, ni mimi, mdogo wake bibi harusi. Wamekubali, Babu. Shangazi amekubali."

Uso wake ulifunguka kama dirisha. Akafumba macho, akayafumbua, akaitazama TV ambako shangazi alikuwa bado anatafuna.

"Mbona huyu bado ananuna?"

"Subiri kidogo. Anakubali sasa hivi."

"Basi nyamaza, mjukuu wangu," alisema, akakaa sawa, kama mtu ambaye mechi yake ameshaambiwa matokeo. "Usinimalizie. Nataka kumwona mwenyewe."

Mlango wa stoo ukasukumwa, dada akaingia, kitenge kimeanguka mabegani, ana vipande vya kahawa kwenye meno ya mbele. Alikuwa amekuja kunipiga au kunikumbatia, hata yeye sidhani alikuwa ameamua.

"Mwongo wewe," alisema. "Wamesikia huko?"

Nikamvuta akae kwenye gunia, nikamwonyesha laptop. "Bado sekunde nne."

Tukamwangalia Babu, vichwa vimegusana. Tatu. Mbili. Akainua mikono yote miwili kabla hata vigelegele havijamfikia.